Tawi Lisilosomwa

Majaketi ya pumzi ya kikosi cha uokoaji hayakuwa yanaendeshwa na mistari ya programu aliyoiandika Ombeni Kihwelo. Bulangwa nzima iliamini kwamba ni ya Ombeni. Mtu mmoja tu alijua kwamba si kweli, naye ni Luhende Masunga, fundi mkuu wa karakana. Alinyamaza kwa sababu jambo hilo lilimfurahisha.

Jioni ile kikosi kilikuwa bwaloni kinasherehekea majaketi mapya. Ombeni alikuwa amebebwa juu juu kama bwana harusi, jaketi likiwa bado kifuani, na taa yake ya kijani inawaka. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na ushei, mwembamba, mwenye kicheko kinachosikika kabla mwenyewe hajaingia mlangoni. Waliombeba walikuwa wanaimba jina lake. Aliyetangulia mbele akipiga sufuria kwa mwiko alikuwa kamanda wa kikosi, Nyanzala. Nyanzala ni mke wa Luhende.

Luhende alikaa pembeni na sahani yake ya wali. Chausiku, mtunza stoo wa karakana, akaja kukaa mbele yake bila kukaribishwa.

"Fundi Mkuu, mbona unatafuna kama umepewa kokoto?"

"Nakula."

"Unakula au unamla mtu kwa macho?" Chausiku akageuka kumtazama Ombeni, kisha akamrudia. "Usijali. Na wewe walikubeba. Tatizo ulikuwa mzito, wakachoka mapema."

Watu wa meza ya jirani wakacheka. Luhende naye akacheka, maana asingecheka ingekuwa mbaya zaidi. Moyoni alikuwa anasema: Chekeni. Siku ya kuchonga jina lake mlangoni mtaona.

*

Bulangwa ni mji wa chini ya ardhi. Zamani ulikuwa mgodi. Jua la juu lilipoanza kuua watu mashambani, waliobaki wakateremka mashimoni na kujenga. Ndani ya mji hewa inaletwa kwa mabomba. Ukitoka kwenye mitaa yenye mabomba, kwenda kwenye mahandaki ya pampu au ya kuchimba, unavaa jaketi. Jaketi linahesabu pumzi zako, linakupimia hewa kwa kila pumzi, na likiona halina mtu ndani linafunga valvu ili hewa isipotee bure. Hewa ni kitu ambacho Bulangwa haina cha kuchezea.

Kila jaketi lina chipu, na kila chipu inaendeshwa na programu. Programu ni moja tu. Iliandikwa na mafundi wa kwanza kwa lugha ya C, na hakuna mwenye akili aliyewahi kutaka kuiandika upya. Tabu ni kwamba chipu hazikuwa za aina moja. Zilitoka popote msafara wa biashara ulikozipata, na kila aina ya chipu ina kompaila yake, yaani mtafsiri wake, anayechukua maandishi ya fundi na kuyageuza kuwa kitu ambacho chipu inaelewa. Watafsiri hawa hawafanani. Neno ambalo kwa huyu ni namba kubwa, kwa yule ni namba ndogo. Amri ambayo huyu anaipokea, yule anaitema.

Ndiyo maana kulikuwa na faili la matawi. Humo ndani zilikaa makro, yaani maswali ya kuichagulia kompaila mistari ya kusoma. Kompaila yoyote ikianza kazi hujitangaza jina, na kabla haijatafsiri chochote, makro zinauliza: wewe ni nani? Ukiwa huyu, soma tawi hili na mengine yaruke. Ukiwa yule, soma lile. Kama hakuna anayekujua, simama. Tawi la mwisho siku zote lilikuwa la kusimamisha kazi, kwa sababu jaketi lisilotengenezwa haliui mtu.

Na kulikuwa na desturi tatu. Ya kwanza, anayeandika tawi jipya anaweka jina lake juu ya tawi hilo. Ya pili, aliyeandika ndiye anayevaa kwanza, zamu nzima, na mpaka jina lake lichongwe kwenye mlango wa karakana, popote kikosi kinapokwenda na majaketi hayo naye yumo, na analivaa la kwake kabla ya mtu mwingine yeyote. Ya tatu, mdogo hakai juu ya mkubwa. Tawi la aliyetangulia linabaki juu, la aliyekuja nyuma linaingia chini yake.

Tawi la juu kabisa lilikuwa la kompaila waliyoiita Kongwe. Lilikuwa na jina la Luhende. Kwa miaka kumi na tisa kila mtu aliyepumua nje ya mabomba ya Bulangwa alipumua kwa mistari hiyo.

Kisha chipu za Kongwe zikaadimika, msafara ukaleta chipu ngeni, na pamoja nazo kompaila yake, Chipukizi. Luhende alihangaika miezi miwili kuiandikia tawi lake. Ikamshinda. Msafara huohuo ulikuwa umemleta Ombeni kutoka mashimo ya kusini, akitafuta kazi. Akaomba ajaribu. Kabla wiki haijakwisha tawi lilikuwa tayari.

Hapo ndipo roho ilipoanza kumuuma Luhende.

Alilisoma tawi lile akitafuta pa kulishika. Hakupaona. Lilikuwa fupi na safi, kila neno mahali pake. Kitu kimoja tu alikipata.

"Umeliweka juu ya langu," alisema.

Ombeni akainama kutazama skrini. "Eh, kweli. Kule kwetu tunaweka jipya juu, Kaka. Sijawahi kuuliza kwa nini. Ni mazoea tu."

"Hapa si kwenu. Hapa mgeni hakai juu ya mwenyeji."

Ombeni akacheka kile kicheko chake. "Basi nishuke, nisije nikakukalia kichwani." Akaikata mistari, akaishusha, akaibandika. Kazi ya muda mfupi. Faili likabaki hivi:

#if defined(KONGWE)
  /* Luhende Masunga */
  typedef int  hesabu_ya_pumzi;
#elif defined(CHIPUKIZI)
  /* Ombeni Kihwelo */
  typedef long hesabu_ya_pumzi;
#else
  #error "Kompaila hii hatuijui. Simama."
#endif

Matawi yenyewe yalikuwa marefu kuliko hapo, lakini kilichokuja kuumiza watu ni hicho.

*

Ombeni alivaa jaketi la kwanza. Nyanzala mwenyewe ndiye aliyemfunga mikanda, kwa sababu kamanda ndiye anayefunga, na Luhende alisimama karibu akatazama vidole vya mkewe vikipita shingoni mwa yule kijana. Hapakuwa na kitu. Alijua kwamba hapakuwa na kitu. Hata hivyo alihesabu muda vidole vilivyokaa.

Zamu ikaisha salama. Majaketi mengine yakatengenezwa, na kikosi kizima kikavikwa. Watu wakaanza kusema kwamba haya mapya ni mepesi, hayana ule mlio, hayabani.

Nyumbani, Luhende alimwambia mkewe, "Naona siku hizi karakana ina mfalme."

Nyanzala alikuwa anamchana nywele binti yao, Sayi. Hakuinua macho. "Baba Sayi, usianze."

"Nimesema nini?"

"Yule kijana anasikiliza. Nilimwambia mkanda unanikaba shingo. Kesho yake nikakuta umelegezwa. Wewe nilikwambia habari ya mkanda huo tangu huyu ananyonya." Akamgusa Sayi kichwani kwa kitana. "Sasa ana miaka tisa."

Sayi akacheka, kisha akaona uso wa baba yake, akaacha.

Luhende hakulala vizuri. Asubuhi alikuwa karakana kabla ya wote. Akafungua tawi la Ombeni akiwa na nia moja, kutafuta kosa. Alilisoma mara tatu. Halafu akafanya kitu ambacho fundi hufanya akichokozwa na maandishi yasiyo na doa. Alilitia doa mwenyewe. Alifuta nusu ya mstari katikati ya tawi la Ombeni, akaacha maneno yananing'inia bila maana, akaiamuru Chipukizi itafsiri, ili walau aone mahali pamoja ambapo kazi ya Ombeni inakataliwa.

Chipukizi haikulalamika. Ilitafsiri yote, ikamaliza.

Luhende akakaa wima. Akaongeza takataka nyingine, akaandika jina la mbwa wa jirani katikati ya tawi. Chipukizi ikapita tena. Kompaila haiwezi kumeza jina la mbwa. Ikilipita maana yake haikulisoma.

Akaiuliza Chipukizi itaje majina yote inayojitangazia. Ikataja CHIPUKIZI. Na juu yake ikataja KONGWE.

Sasa akaelewa. Waliounda Chipukizi walijua kwamba dunia imejaa programu za zamani zinazomuuliza kila mgeni kama yeye ni Kongwe, na zisiyemjua zinamfukuza. Wakaifundisha kompaila yao kujibu ndiyo, ili ipokelewe kila mahali. Ikifika kwenye faili la Bulangwa, inaulizwa swali la kwanza: wewe ni Kongwe? Inajibu ndiyo. Inasoma tawi la Luhende, ya chini yanarukwa. Lingekuwa la Ombeni ndilo lililo juu, lingesomwa. Kule kusini walikuwa wanaweka jipya juu kwa sababu hiyo, hata kama walishaisahau.

Luhende alicheka peke yake mpaka akalazimika kufuta macho. Majaketi mapya, mepesi, yasiyobana. Mistari yake! Ile ile ya miaka kumi na tisa! Wanamsifu Ombeni, na kumbe kifuani kwake anapumua Luhende.

Hapo angeweza kufanya moja kati ya mambo mawili. La kwanza lilikuwa kuihamisha mistari ya Ombeni juu, kumwita yule kijana na kumwambia. La pili lilikuwa kusubiri. Siku ya kuchonga jina ilikuwa inakuja. Watu wote wangekuwepo mlangoni pa karakana, Nyanzala mbele. Luhende angesimama, angewasha skrini kubwa, angeandika jina la mbwa katikati ya tawi la Ombeni, na kompaila ingepita. Angewaambia: huyu ndiye mnayemchongea. Alianza hata kuyapanga maneno.

Akafuta takataka zake, akarudisha tawi lilivyokuwa. Katika kurudisha, macho yake yalipita kwenye neno moja. Ombeni alikuwa ameandika long kwenye hesabu ya pumzi, namba ndefu. Yeye alikuwa ameandika int, ya kawaida. Kwa Kongwe ile ya kawaida ni kubwa kuliko pumzi zote ambazo mtu atavuta maisha yake. Kwa Chipukizi je? Swali lilikuja. Alilisikia kabisa likija. Akajibu kwamba Ombeni anapenda mbwembwe, na kwamba zamu nzima ilipita salama. Kisha akazima skrini.

*

Handaki la pampu liliporomoka siku mbili kabla ya kuchonga jina. Mafundi watatu walibaki nyuma ya kifusi. Kikosi kikashuka. Ombeni naye akashuka, kwa desturi, na alivaa kabla ya wote.

Zamu ya kawaida mtu anarudi, analivua jaketi, analichomeka kwenye umeme, nalo linaanza kuhesabu upya. Safari hii hawakurudi. Hewa ya kule chini ilikuwa mbovu, kifusi kilikuwa kirefu, na waliolala walilala na majaketi mwilini. Siku ikapita, usiku ukapita, mchana mwingine ukaingia.

Luhende alikuwa kwenye redio ya karakana, Chausiku pembeni yake na birika la chai. Habari zilikuwa nzuri. Walikuwa wamechimba tundu la kupita mtu mmoja akiwa amelala kifudifudi. Ombeni ndiye mwembamba kuliko wote, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa anatambaa kupeleka mipira ya hewa upande wa pili. Mafundi wawili walikuwa wameshavutwa nje. Alibaki mmoja, Kashinje, aliyebanwa mguu.

"Karakana, mnanisikia?" Ilikuwa sauti ya Nyanzala, imechoka lakini ina furaha. "Mwambieni Chausiku huku tuna mashindano. Tunaangalia nani amepumua sana tangu tushuke."

Chausiku akadaka kipaza sauti. "Nani anaongoza, Mama Sayi?"

"Nani mwingine! Huyu kijana anahema kama punda wa maji. Ombeni, soma namba yako."

Sauti ya Ombeni ikatoka kwa mbali, imebanwa na tundu. "Elfu thelathini na mbili na mia sita, Kamanda! Na moja! Na mbili! Nikifika elfu arobaini naomba supu!"

Wakacheka kule chini. Chausiku akacheka. Luhende aliweka kikombe mezani na kikombe kikapinduka.

Kuna namba ambayo kila fundi wa C anaijua kama anavyojua jina la mama yake. Elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na saba. Ndiyo mwisho wa int ikiwa int ni ndogo. Ukiongeza moja juu yake, hesabu inapinduka na kuwa hasi, elfu thelathini na mbili na ushei chini ya sifuri. Na jaketi likiona hesabu ni hasi linasema: sijavaliwa. Linafunga valvu.

Swali alilolizima wiki ile likawa limejijibu.

Akachukua kipaza sauti. "Kamanda. Zimeni majaketi na kuyawasha upya. Mmoja mmoja, mpeane mpira. Aanze Ombeni. Sasa hivi."

"Kuzima?" Nyanzala hakuamini. "Baba Sayi, huku hewa ni sumu. Jaketi likizimwa linachukua muda kuamka. Na Ombeni yuko ndani ya tundu, mikono yake iko mbele, hawezi hata kujikuna. Sababu ni nini?"

Hapa ndipo palipokuwa na ukweli. Ulikuwa maneno machache tu. Lakini redio ilikuwa wazi, kikosi kizima kinasikia, bwaloni wanasikia, na Luhende akaona sura za watu wale wale aliokuwa amepanga kuwafunulia aibu ya mwenzake.

"Tawi la Ombeni lina kasoro," alisema. "Hesabu yake itajaa."

Kikafuata kile kicheko.

"Kaka Luhende! Hesabu yangu ni ndefu. Nimeandika long. Hata nikipumua mpaka wajukuu wangu wazeeke haijai. Hapo umechanganya na nyingine. Kamanda, usizime mtu. Nimemshika Kashinje mkono, nikirudi nyuma nampoteza."

"Mwenye jaketi kasema," Nyanzala akasema. "Karakana, tunaendelea."

Ombeni alikuwa sahihi. Kila neno alilosema kuhusu mistari yake lilikuwa sahihi. Ndiyo maana walimwamini, na uongo wa Luhende ukawafunga valvu wote kabla ya jaketi lolote.

Chausiku alikuwa anamtazama. "Mbona unatoka jasho?"

Luhende alikuwa na kipaza sauti mkononi na kidole juu ya kitufe, na hakukibonyeza. Baadaye alijaribu kujiambia kwamba ulikuwa muda mdogo. Chausiku alimwambia haukuwa mdogo, alisema alipata nafasi ya kufuta chai yote iliyomwagika mezani na kukamua kitambaa.

"Luhende," alisema Chausiku, bila cheo, bila utani. "Sema."

Akabonyeza. "Nyanzala. Nimedanganya. Tawi la Ombeni halisomwi. Halijawahi kusomwa. Chipukizi inajitangaza kama Kongwe, inachukua mistari yangu, na mistari yangu ina namba fupi. Mnapumua kwa namba yangu. Ombeni amebakiza kidogo sana. Mtoeni."

Kisha Nyanzala akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya mchicha, "Ulijua lini?"

"Mtoeni kwanza."

"Vuta miguu!" Nyanzala alikuwa ameshamwacha. "Wewe na wewe, vuteni miguu! Ombeni, muachie Kashinje! Muachie, nakwambia!"

"Kamanda, ameshaanza kutoka. Nipe kidogo tu, naona mguu wake unale—"

Sentensi ikaishia hapo. Hapakuwa na kishindo wala ukelele. Walichosikia karakana ni mlio mdogo wa valvu, ule unaosikika kila jioni jaketi likitundikwa ukutani, na baada yake sauti za watu wanavuta kitu kilichokwama.

*

Walimtoa. Akiwa tunduni alikuwa amekaza mkono wa Kashinje kiasi kwamba waliwavuta wote wawili kidogo kidogo, yeye kwanza, halafu mikono ikaachana. Mpira wa hewa wa Kashinje ulichomoka hapo. Kikosi kizima kilikuwa kinazima majaketi na kuyawasha, wanapeana mpira mmoja mmoja, na waliokuwa na nguvu za kurudi tunduni hawakuwa na hewa.

Siku ya kuchonga jina ilifika na kupita. Siku ya pili yake Luhende alikwenda zahanati. Ombeni alikuwa amekaa kitandani, amenyolewa, amevaa shati safi. Nyanzala alikuwa kwenye kiti.

"Kaka Luhende!" Ombeni akafurahi. Maneno yalitoka polepole, kama mtu anayetembea na viatu vikubwa. "Umekuja."

Luhende alikuwa amebeba kompyuta. Hakujua afanye nini kingine. Akaifungua mapajani mwa Ombeni, akamwonyesha faili la matawi. "Nimelipandisha. Liko juu. Angalia, jina lako liko juu."

Ombeni akatazama skrini. Alitazama kwa muda, kwa adabu, kama mtu anayetazama picha za harusi za watu asiowajua. Akapitisha kidole kwenye mistari, kutoka kulia kwenda kushoto, kisha akakirudisha.

"Imepangwa vizuri," alisema. "Ni nini?"

Luhende akaifunga kompyuta.

Walipotoka koridoni Nyanzala alisimama. Hakupandisha sauti. Luhende alitamani apandishe.

"Wiki nzima ulikuwa unalala pembeni yangu," alisema. "Asubuhi unaniona nalivaa jaketi lile."

"Nilidhani ni salama. Nilidhani ni mistari yangu, na mistari yangu haijawahi—"

"Mimi sikuulizi habari ya mistari. Nilikuuliza sababu, na redio iko wazi. Ungesema 'langu', neno moja, ningemtoa mle ndani wakati ule ule. Ukasema 'la Ombeni'." Akafunga zipu ya koti lake mpaka shingoni. "Alikuwa anakupenda, unajua? Alikuwa anawaambia wale vijana kwamba tawi lako la Kongwe ndiyo shule aliyosomea. Siku uliyomwambia ashuke chini yako alikuja kuniambia amefurahi, maana amepata mtu wa kumkaripia."

Hilo Luhende hakuwa analijua.

"Twende nyumbani, Mama Sayi."

"Nenda," alisema Nyanzala.

*

Baraza la Bulangwa lilikaa, likamsikiliza, likamwacha karakana kwa sababu hakuna mwingine anayelijua faili. Hiyo nayo ni adhabu, ingawa baraza halikusema hivyo. Desturi ya tatu imefutwa. Anayeingia sasa anaweka tawi lake juu, na kabla ya kuvaa anaandika takataka ndani yake aone kama kompaila inalalamika. Kama hailalamiki, havai.

Gharama ni hizi.

Kashinje, fundi pampu, alikufa nyuma ya kifusi mguu wake ukiwa umeshalegea.

Ombeni Kihwelo yuko hai. Hasomi, haandiki, na mguu wa kushoto anauburuta. Asubuhi anakaa kwenye benchi mbele ya karakana, na bado anacheka. Jina lake limechongwa mlangoni nyuma ya kichwa chake, naye halijui.

Nyanzala anaishi kambi ya kikosi. Sayi anakuja kwa baba yake Jumapili, anakula, anaosha sahani yake mwenyewe, anaondoka. Siku hizi nywele zake hazichanwi nyumba ile.

Jina la Luhende limebaki mlangoni, kwa sababu Bulangwa haifuti majina. Vikosi vikitoka vinapita mbele ya Luhende, na kila mtu analiwasha jaketi lake, analizima, analiwasha tena, huku anamtazama.

Na lile tawi. Kulihamisha kutoka chini kwenda juu, Luhende alikata mara moja na kubandika mara moja. Alikuwa amemimina chai kabla hajaanza, na alipomaliza ilikuwa bado ya moto.